Upigaji picha za nje kutoka ndani ya jengo lenye giza

Upigaji picha za nje kutoka ndani ya jengo lenye giza ni kazi ya kupiga picha ya mandhari inayoonekana kupitia dirisha, mlango au tundu la ukuta, huku mpiga picha na kamera yake wakiwa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Picha za namna hii hupigwa katika nyumba za kale, ngome, misikiti, makanisa na magofu, na pia katika nyumba za kawaida za makazi.

Ugumu wake ni mmoja: nje kuna mwanga mwingi mno na ndani kuna mwanga kidogo mno, na kamera haiwezi kupokea yote mawili kwa pigo moja kama jicho linavyoonekana kufanya. Kwa hiyo mpiga picha hulazimika kuchagua. Anaweza kutunza mandhari ya nje na kuacha chumba kiwe cheusi; kutunza chumba na kuacha nje kupotee katika weupe; kupunguza tofauti iliyopo; au kupiga picha kadhaa na kuziunganisha kuwa moja.

## Ukubwa wa tofauti

Wingi wa mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la mchana lisilo na mawingu hutoa luksi 100,000 hivi. Ndani ya chumba chenye dirisha dogo, mita chache kutoka dirishani, mwanga unaweza kuwa luksi 100 au chini ya hapo. Maana yake ni kwamba ukuta mweupe ulio juani hupokea mwanga mara elfu moja kuliko ukuta mweupe ulio ndani ya chumba hicho.

Wapiga picha huhesabu tofauti hii kwa *hatua*. Kila hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuugawa nusu. Hatua mbili ni mara 4, hatua tatu ni mara 8, na hatua kumi ni mara 1,024. Kwa hiyo tofauti ya mara elfu ni sawa na hatua 10.

Hesabu haiishii hapo, kwa sababu vitu vyenyewe havirudishi mwanga sawasawa. Ukuta uliopakwa chokaa unaweza kurudisha asilimia 80 ya mwanga unaoupata, na mlango wa mbao nyeusi asilimia 5 tu. Hiyo ni tofauti ya mara 16, yaani hatua 4. Kutoka ukuta mweupe ulio juani hadi mlango mweusi ulio kivulini ndani ya nyumba, jumla huwa hatua 14.

Mfano wa vipimo vya kamera huonyesha jambo hilo kwa urahisi. Kwa usikivu wa ISO 100 na tundu la lenzi la f/8, mandhari iliyo juani huhitaji muda wa sekunde 1/500. Chumba chenye giza, kwa vipimo hivyohivyo, kinaweza kuhitaji sekunde 2 nzima. Muda wa pili ni mara elfu moja ya ule wa kwanza.

Giza la chumba huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali na dirisha. Anayesimama karibu na dirisha huona sehemu kubwa ya anga, na anga hiyo humwangazia. Anayesimama nyuma huona kipande kidogo tu, na mara nyingi haoni anga kabisa bali ukuta wa jirani. Unene wa ukuta nao hupunguza mwanga, kwa kuwa dirisha lililo katika ukuta mnene huwa kama mfereji: mwanga unaotoka pembeni huishia kwenye kingo zake.

## Jicho na kamera

Mtu aliye ndani ya chumba cha aina hiyo huona bahari nje na mkeka sakafuni bila shida, kisha hushangaa kuona picha yake haina kimoja kati ya hivyo viwili. Sababu ni kwamba jicho halifanyi kazi kama kamera.

Mboni ya jicho hupanuka kutoka milimita 2 hivi katika mwanga mkali hadi milimita 8 hivi gizani. Eneo lake huongezeka mara 16, yaani hatua 4 tu. Kazi kubwa zaidi hufanywa na retina, ambayo hubadili usikivu wake, na ubongo, ambao huunganisha yale jicho linayoyaona likitembea. Mtu hutazama dirishani, halafu kona ya chumba, halafu dari. Kila mara jicho hujirekebisha, na ubongo humpa taswira moja iliyokamilika. Hata hivyo marekebisho hayo yana mipaka. Anayetoka juani na kuingia gizani huona kidogo sana mwanzoni, na macho yake yanaweza kuchukua nusu saa hivi kuzoea giza kikamilifu.

Kamera hufunguka mara moja na kufungwa, na kipimo kimoja hutumika kwa picha nzima. Kihisi mwanga cha kamera ya dijitali kimeundwa na mamilioni ya pikseli, na kila pikseli inaweza kufananishwa na ndoo iliyowekwa mvuani. Ndoo ikijaa, maji yanayozidi humwagika na hakuna njia ya kujua yalikuwa kiasi gani. Vivyo hivyo, pikseli ikijaa mwanga huandika weupe mtupu. Wingu, tanga na mawimbi yaliyokuwa pale hayawezi kurudishwa na programu yoyote. Ndoo iliyopata matone machache bado ina kitu cha kupima, ingawa kipimo chake hakina uhakika. Ndiyo maana sehemu nyeusi za picha ya dijitali zinaweza kung'arishwa baadaye, japo huonyesha chembechembe.

Filamu ya negativu ina tabia iliyo kinyume. Huvumilia mwanga uliozidi kuliko mwanga uliopungua. Kivuli ambacho hakikuacha alama kwenye filamu kimepotea. Kwa hiyo mafundi wa zamani walifundishwa kupima kivuli kwanza, na wapiga picha wa dijitali hufundishwa kupima sehemu yenye mwanga mkali. Filamu ya slaidi, ambayo hupokea hatua 5 au 6 hivi tu, nayo hupimwa kwa sehemu yenye mwanga. Vihisi bora vya siku hizi hufikia hatua 13 au 14 kwa ISO ya chini, lakini vihisi vidogo vya simu hupokea pungufu kwa pigo moja.

Tatizo jingine ni kipimo kinachojiendesha chenyewe ndani ya kamera. Kwa kawaida kipimo hicho hujaribu kuifanya picha iwe na mwanga wa wastani. Dirisha likiwa dogo katikati ya picha iliyojaa giza, kamera huongeza mwanga na dirisha huwa weupe mtupu. Dirisha likijaza picha, kamera hupunguza mwanga na chumba hupotea. Kamera ileile, chumba kilekile na saa ileile vinaweza kutoa picha mbili zisizofanana kwa sababu tu mpiga picha amesogea mbele hatua mbili za miguu.

## Historia

Chumba chenye giza na tundu la kuingizia mwanga ni cha kale kuliko kamera, nacho ndicho kilichoipa jina. Neno *kamera* limetokana na maneno ya Kilatini *camera obscura*, yaani chumba chenye giza. Chumba kikizibwa kabisa na kuachwa tundu dogo upande wa nje, mandhari ya nje huonekana juu chini kwenye ukuta unaokabili tundu hilo. Mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, alichunguza jinsi mwanga unavyopita katika matundu madogo, na alieleza elimu ya kuona katika kitabu chake *Kitab al-Manazir*.

Picha ya kamera ya kale zaidi inayojulikana kuwepo hadi leo ilipigwa kutoka dirishani. Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga mnamo mwaka 1826 au 1827 katika nyumba yake huko Saint-Loup-de-Varennes, akitumia bamba la metali lililopakwa lami. Bamba hilo lilihitaji saa nyingi kupokea mwanga, kiasi kwamba jua lilihama na kuangaza kuta za pande zote mbili za ua. Leo limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani.

Negativu ya kale zaidi iliyopo inahusu dirisha lenyewe. Mnamo Agosti 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot aliweka kamera ndogo ndani ya nyumba yake ya Lacock Abbey, akailekeza kwenye dirisha lenye vioo vidogovidogo vingi. Kwa kuwa karatasi yake haikuwa na usikivu mkubwa, dirisha lilikuwa kitu pekee ndani ya chumba chenye mwanga wa kutosha kuacha alama. Chumba hakikuonekana.

Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipambana na tatizo la aina hiyohiyo katika picha za bahari, kwa kuwa anga ilikuwa na mwanga mwingi kuliko maji. Baadhi ya picha zake alizitengeneza kwa negativu mbili, moja ya anga na nyingine ya bahari. Wazo hilo lilirudi kwa sura mpya katika zama za kompyuta. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza njia ya kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa muda tofauti ili kupata kumbukumbu ya mwanga wote uliokuwepo. Mmoja wa mifano yao ulikuwa ndani ya kanisa lenye madirisha ya vioo vya rangi. Mwaka 2010 kampuni ya Apple iliweka njia ya kuunganisha picha, kwa jina la HDR, katika simu ya iPhone, na sasa simu nyingi hufanya hivyo bila mtumiaji kuamuru.

## Mbinu

### Kutunza mandhari ya nje

Mandhari ikiwa ndiyo kiini cha picha, mpiga picha hupima mwanga wa nje peke yake. Husogea dirishani, hupima, hufunga kipimo hicho, kisha hurudi nyuma na kupiga. Kwenye simu nyingi hugusa sehemu ya nje kwenye skrini na kushikilia kidole hadi kipimo kifungwe, halafu huburuta alama ya jua kuelekea chini.

Matokeo yake ni mandhari iliyo wazi ndani ya fremu nyeusi. Weusi huo si kosa ikiwa umbo lake lina maana: tao la mlango, nakshi za dirisha, au mtu aliyesimama kizingitini. Fremu isiyo na umbo hula nafasi ya picha bila faida, na hapo ni afadhali kusogea mbele.

Kamera inayoweza kuhifadhi faili la RAW huongeza nafasi ya kuokoa kivuli. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi. Faili la RAW la biti 14 huhifadhi ngazi 16,384. Kwa hiyo picha hupigwa kwa kutunza nje, na ndani hung'arishwa baadaye kwa kiasi.

### Kungoja wakati

Njia rahisi kuliko zote haihitaji kifaa: ni kurudi saa nyingine. Mandhari ikiwa na jua mbele ya mpiga picha, anga huwa kali na vitu huonyesha upande wa kivuli. Jua likiwa nyuma ya jengo, mandhari huangazwa vizuri na rangi za anga na maji huonekana zaidi.

Baada ya jua kuzama, mwanga wa nje hushuka haraka hadi kulingana na taa za ndani. Karibu na Ikweta jua huzama karibu wima, na mwanga huo wa magharibi haudumu sana. Dakika 20 hivi baadaye huwa giza limeanza. Ndani ya muda huo zipo dakika chache ambapo nje na ndani hutoshana na pigo moja hutosha. Mpiga picha huweka kamera tayari mapema na kupiga kila baada ya dakika mbili au tatu.

### Kuongeza mwanga ndani

Kufungua mlango mwingine au dirisha la nyuma kunaweza kuongeza hatua moja au mbili. Shuka jeupe likitandikwa sakafuni karibu na dirisha hurusha mwanga kwenye dari na kuta.

Flashi huongeza zaidi, ila ina masharti. Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha haziwezi kutumia flashi kwa njia ya kawaida kwa muda mfupi kuliko sekunde 1/200 au 1/250. Kwa mandhari ya juani, kipimo kinachofaa ni ISO 100, f/11 na sekunde 1/250. Muda hutawala mwanga wa nje, na nguvu ya flashi hutawala wa ndani. Flashi inayoelekezwa darini au ukutani hutoa mwanga laini. Inayoelekezwa mbele huua kivuli na kuacha alama kwenye kioo. Katika majumba ya makumbusho na nyumba za ibada huenda matumizi yake yamekatazwa.

### Kuunganisha picha

Tofauti inapozidi uwezo wa kihisi, kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu na picha kadhaa hupigwa bila kuisogeza. Tundu la lenzi na ISO havibadilishwi. Hubadilishwa muda tu. Kwa mfano wa f/8 na ISO 100 uliotajwa juu, picha sita hutosha:

* sekunde 1/500 kwa mandhari ya juani
* sekunde 1/125
* sekunde 1/30
* sekunde 1/8
* sekunde 1/2
* sekunde 2 kwa kona za giza

Kila picha imepita iliyotangulia kwa hatua 2. Programu ya kompyuta huchukua kutoka kila moja sehemu iliyopokea mwanga vizuri. Vitu vinavyotembea, kama mashua, mawingu, watu na majani ya minazi, huonekana mara mbili au kama kivuli, na kwa hiyo sehemu ya nje huchukuliwa kutoka picha moja tu.

Kosa la kawaida ni kung'arisha ndani kupita kiasi. Chumba kikilingana na jua la nje, picha huonekana kama mandhari iliyobandikwa ukutani. Chumba kinapaswa kubaki na giza kuliko nje, kwa sababu ndivyo kilivyo.

## Kioo, fokasi na rangi

Kioo cha dirisha huakisi nguo za mpiga picha na taa zilizo nyuma yake. Hali hiyo hupunguzwa kwa kuzima taa, kuvaa nguo nyeusi na kuisogeza lenzi hadi ikaribie kugusa kioo. Lenzi chafu huonyesha ukungu mweupe inapokabili dirisha lenye mwanga mkali, hivyo hufutwa kwanza.

Fremu ya dirisha ikiwa karibu na mandhari ikiwa mbali, tundu dogo la lenzi husaidia vyote vionekane vikali. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, f/8 ikilengwa umbali wa mita 2.4 hutoa ukali wa kuridhisha kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho.

Rangi nazo hutofautiana. Mwanga wa mchana ni wa kelvini 5,500 hivi, na balbu ya kawaida ya waya ni 2,700 hivi. Kamera ikirekebishwa kwa nje, mwanga wa balbu huonekana wa njano. Ikirekebishwa kwa ndani, nje huwa buluu. Ni rahisi zaidi kuzima balbu.

## Mfano wa pwani ya Afrika Mashariki

Nyumba za mawe za miji ya Waswahili ni mfano mzuri wa tatizo hili. Kuta zake nene zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ili kuzuia joto, na upana wa vyumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Katika nyumba za kale za Lamu, vyumba hufuatana kutoka kiwanda, yaani ua wa katikati: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Mwanga huingia kwa kiwanda, na kila chumba kina giza kuliko kinachokitangulia. Anayepiga picha kutoka chumba cha mwisho kuelekea kiwandani hupata ngazi nzima ya mwanga katika picha moja. Kuta nyeupe na zidaka za plasta hurudisha sehemu ya mwanga huo, na ndizo zinazoonekana kwanza kivuli kinapong'arishwa.

Mwelekeo wa jengo huamua saa ya kazi. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, ina upande wa bahari unaotazama mashariki. Alasiri jua huwa nyuma na bahari huangazwa vizuri. Mji Mkongwe wa Zanzibar una ufuo wa bahari unaotazama magharibi, hivyo asubuhi ndiyo saa yake.

Nyumba hizi zilijengwa pia kwa ajili ya faragha. Dirisha la ghorofani mara nyingi hutazama paa na ua wa jirani, ambako watu wa nyumba hupumzika bila kutarajia kuonekana. Ruhusa ya mwenye nyumba anamosimama mpiga picha haitoshi kwa watu walio upande wa pili.

## Picha kama kumbukumbu

Picha ya kujifurahisha iliyopotea inaweza kupigwa tena. Picha ya jengo la kale haina uhakika huo. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kwa sehemu iliyoanguka, picha zilizopigwa kabla ni miongoni mwa vitu vinavyoonyesha ilivyokuwa. Dirisha lililotoka jeupe tupu halisemi lilitazama nini, na kona iliyotoka nyeusi haisemi ilijengwaje.

Kwa sababu hiyo, anayepiga picha kwa ajili ya kumbukumbu hupiga walau mbili kila mahali, moja kwa kipimo cha nje na moja kwa kipimo cha ndani, na huzihifadhi zote bila kuzigusa hata kama ataunganisha nakala zake. Picha iliyounganishwa hutajwa hivyo katika maelezo yake. Kuunganisha picha zilizopigwa kwa dakika moja ni kujaribu kuonyesha kile ambacho macho yaliona. Kuweka anga ya siku nyingine dirishani ni kuonyesha kitu ambacho hakikuwepo.

## Tazama pia

* Kamera
* Lenzi
* Mwanga
* Jicho
* Usanifu majengo wa Waswahili